Usiiachie simu kazi ya kutafuta maneno

MSOMAJI mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti kando kwa dakika moja. Itazame saa yako, kisha utaje maneno yote ya Kiingereza unayoweza kukumbuka yanayoanza kwa herufi F. Majina ya watu na ya miji hayaruhusiwi. Hesabu nazo usizitaje. Aidha, usirudie neno lile lile kwa kulibadilisha mwisho tu, kwa mfano 'farm', 'farmer' na 'farming'.

Umemaliza? Bila shaka maneno matano au sita ya kwanza yalikuja mbio. Halafu ukakwama. Ukatazama dari, ukatazama dirisha, na pengine neno ulilokwisha kulitaja likarudi tena na tena kama nzi mezani. Mwishowe moja jipya likajitokeza, na nyuma yake likavuta mengine mawili.

Usidhani huo ni mchezo wa watoto wa shule. Madaktari wa ubongo wamekuwa wakiutumia kwa miaka mingi. Kuna kipimo ambacho mgonjwa hupewa herufi F, A na S, dakika moja kwa kila herufi. Na katika kipimo kingine kilichotungwa Montreal nchini Kanada, kinachojulikana kama MoCA na kutumiwa katika nchi nyingi, swali la herufi moja kwa dakika moja limo. Katika toleo la Kiingereza herufi hiyo ni F, na anayetaja maneno 11 au zaidi hupata alama moja kati ya alama 30 za kipimo chote. (Ukipata chini ya hapo usiwe na wasiwasi. Hakuna daktari anayetoa uamuzi kwa swali moja, wala kipimo hiki hakifanyiwi mezani pa chai.)

Nimeanza hapo kwa sababu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa burudani tu. Ni ule mtindo wa kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani, iwe ni katika Scrabble, katika chemshabongo ya gazetini, au katika michezo ya siku hizi inayochezwa kwenye simu. Hasa nataka kuzungumza na wewe ambaye, mara unapokwama, huichukua simu, ukaziandika herufi zako, na programu ikakuletea orodha ya maneno kabla hujameza mate.

Maoni yangu ni haya: faida ya mchezo huu kwa afya yako iko katika kutafuta, si katika kupata. Ukiiachia simu kazi ya kutafuta, umejinyima faida hiyo. Isitoshe, waweza kuificha dalili ambayo jamaa zako na daktari wako walipaswa kuiona mapema.

Yaliyonipata

Sisemi haya kwa kusikia. Baba yangu alikuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiingereza alikipenda, na kamusi yake ilikuwa imechakaa kwa kufunguliwa. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ubao wa Scrabble ulitandazwa mezani na wajukuu wakaitwa. Mzee alikuwa na kawaida ya kuvisogeza vigae vyake polepole kwa kidole kimoja huku akinong'ona. Hakuwa na haraka. Mjukuu akilalamika kwamba babu anachelewesha mchezo, alijibu, "Neno halitoroki, mjukuu wangu. Litapatikana."

Miaka michache baada ya kustaafu, kijana mmoja wa nyumbani alimwekea programu ya kutafuta maneno katika simu yake. Tulifurahi sana. Tulisema mzee amekwenda na wakati. Alama zake zikapanda. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alitushinda sote, na tulicheka tukasema ubongo wake unazidi kunoleka.

Siku moja stima ilipotea mtaani, na simu ya mzee ilikuwa imeisha chaji. Tukawasha taa ya mafuta, tukaendelea kucheza. Mzee alivitazama vigae vyake saba kwa muda mrefu. Alivisogeza, akavisogeza tena, lakini hakunong'ona. Mwishowe alisema, "Hizi hazifanyi chochote," akavirudisha mfukoni. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake na nilikuwa nimeziona herufi hizo. Zilikuwemo R, A, T na E. Mtoto wa darasa la nne angepata 'rate' au 'tear'.

Usiku ule nilianza kuyakumbuka mambo ambayo tulikuwa tumeyapuuza. Bili ya maji ilikuwa imelipwa mara mbili. Mzee aliuliza swali moja mara tatu katika saa moja. Kuna jioni alishuka kwenye matatu katika steji isiyokuwa yake, akasema dereva ndiye aliyekosea. Kila moja ya hayo tulikuwa tumelipatia sababu yake. Na kila mara mmoja wetu alipoanza kuwa na wasiwasi, mwingine alisema, "Mzee yu sawa, hamwoni anavyotushinda Scrabble?"

Hospitalini, daktari alimwuliza mzee maswali mengi, na moja lilikuwa hilo nililokuuliza hapo juu. Alipima pia damu na shinikizo la damu. Shinikizo lilikuwa juu mno, na inaonekana lilikuwa hivyo kwa muda mrefu bila yeye kujua. Mishipa midogo ya ubongo ilikuwa imeharibika. Ugonjwa wake ni ule unaoitwa dimenshia.

Sisemi kwamba simu ndiyo iliyomletea mzee ugonjwa. La hasha! Nasema simu ilimficha. Alikuwa akipata shida ya kutafuta maneno, na sisi tulikuwa tukiona majibu tu.

Ubongo unavyotafuta

Huenda ukajiuliza kwa nini kutafuta neno kwa herufi kuwe kazi ngumu kiasi hicho, hali mtu huzungumza siku nzima bila kukwama. Sababu ni kwamba ubongo haukupangwa kama kamusi. Maneno hukaa kichwani kwa ujirani wa maana. Ukitaja ng'ombe, mbuzi anakuja karibu, na maziwa, na zizi. Hakuna mahali kichwani ambapo maneno yote ya herufi F yamepangwa rafuni pamoja.

Kwa hivyo unapoambiwa utaje maneno ya herufi F, ubongo hulazimika kwenda kinyume cha mazoea yake. Lazima ukumbuke sheria ya mchezo, uyakumbuke uliyokwisha kuyataja, uyakatae yasiyofaa, na njia moja ikikwama uhamie njia nyingine. Kazi hiyo ya usimamizi hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Kutaja wanyama, kwa upande mwingine, hutegemea zaidi ghala la maana, ambalo hutumia sana sehemu za kando ya kichwa, karibu na masikio. Ndiyo maana daktari hupenda kuuliza yote mawili. Katika ugonjwa wa Alzheimer, mara nyingi majina ya wanyama hupungua mapema kuliko maneno ya herufi. Katika magonjwa yanayoishika sehemu ya mbele, maneno ya herufi ndiyo yanayokuwa haba.

Sasa fikiria Scrabble. Mwanzilishi wa mchezo huo, Mmarekani Alfred Butts, alikuwa msanifu wa majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ni zipi hutumika sana katika Kiingereza. Kwa sababu hiyo herufi E ina vigae 12, ilhali Q, Z, J, X na K zina kigae kimoja kimoja. Vigae vyote ni 100, viwili kati yao vikiwa vitupu. Mchezaji hupewa saba tu, vikiwa vimevurugika, na hupaswa kuvipanga kichwani kwa njia nyingi, akiulinganisha kila mpangilio na maneno anayoyajua. Hilo ni zoezi la kweli. Programu ya simu hulifanya kwa nukta moja, na wewe hubaki karani wa kunakili.

Wako wanaolitafuta neno kwa kukariri. Mnamo 2015, Nigel Richards kutoka New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ingawa hakujua kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno ya kamusi. Mwaka huo huo Mnijeria Wellington Jighere alishinda ubingwa wa dunia wa Kiingereza mjini Perth, Australia, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Wote wawili walifika huko kwa kazi ya vichwa vyao, na katika mashindano hakuna anayeruhusiwa kuichungulia simu.

Je, mchezo ni dawa?

Hapa ndipo napenda tuwe waangalifu, kwa maana wako watu wanaouza michezo ya simu kana kwamba wanauza dawa. Mnamo Januari 2016 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza michezo ya ubongo kwa jina Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya serikali kuilaumu kwa kuwadanganya wateja. Ilikuwa imewaahidi kwamba michezo yake ingewasaidia kuepuka kupungukiwa na akili uzeeni. Tume ilisema kampuni haikuwa na ushahidi wa kutosha.

Utafiti wenyewe unasemaje? Mnamo 2003 wataalamu wa New York walichapisha matokeo ya kuwafuata watu 469 wa umri wa zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubaoni, wakipiga ala za muziki na kucheza dansi walipatwa na dimenshia kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Habari hiyo ilienea duniani kote. Hata hivyo, utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha ni lipi lililoleta lipi. Huenda mtu ambaye ubongo wake umeanza kuugua polepole ndiye anayeacha kucheza, kwa sababu mchezo umeanza kumshinda.

Mnamo 2018 ukaja utafiti mwingine kutoka Aberdeen, Uskoti, uliowafuata watu 498 waliozaliwa 1936. Ulionyesha kwamba waliopenda kutatua mafumbo maishani mwao hawakuteremka polepole kuliko wenzao. Walichokuwa nacho ni kwamba walianza kuteremka wakiwa mahali pa juu zaidi. Ni kama watu wawili wanaotoka mlimani kwa mwendo mmoja. Aliyeanzia juu atachukua muda mrefu zaidi kufika bondeni. Mimi naona hiyo ni faida kubwa, ingawa si faida ile inayotangazwa na wauzaji.

Na mnamo 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 107 ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimeanza kupungua kidogo. Nusu yao walipewa chemshabongo za maneno, na nusu wakapewa michezo ya ubongo ya kompyuta. Baada ya wiki 78, waliojaza chemshabongo walikuwa na hali nzuri zaidi. Jaribio hilo lilikuwa dogo, wala halikuwa na kundi la tatu lisilopewa chochote. Kwa hivyo tulichukue kama habari ya kutia moyo, tusilichukue kama cheti cha dawa.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa najua kuna mtu atakayesoma makala haya kisha aende akamnunulie mama yake ubao wa Scrabble, na adhani amemaliza. Hujamaliza, ndugu yangu. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la kitabibu la The Lancet lilitaja mnamo 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kati yake ni shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene wa kupita kiasi, sigara, ulevi, kutofanya mazoezi, kuumia kichwa, upweke, msongo mkubwa wa huzuni, pamoja na kutosikia na kutoona vizuri bila kutibiwa. Jopo lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo 14 yangeondolewa. Kupimwa shinikizo la damu huchukua dakika chache tu. Kama baba yangu angelipimwa mapema, huenda leo ningekuwa nikiandika juu ya jambo jingine.

Usiseme ni uzee tu

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na takriban milioni 2.7 kati yao walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi. Hao ni wazazi wetu, na idadi yao inaongezeka. Lakini tumezoea kusema kwamba mzee kusahau ni kawaida. Kusahau pale ulipoweka funguo ni kawaida, naam. Kusahau funguo ni za kazi gani si kawaida.

Neno kukwama ulimini na kuja baadaye ukiwa jikoni ni jambo linalompata kila mtu. Lakini muone daktari ikiwa mtu wako anaendelea kupoteza maneno ya kila siku, anaviita vitu vingi 'kile kitu', anarudia swali lile lile, anapotea njia aliyoizoea, au anashindwa kuhesabu pesa alizokuwa akizihesabu bila shida. Wakati mwingine sababu ni jambo linalotibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya koo, huzuni, au dawa fulani za usingizi. Hutajua mpaka apimwe.

Na kuna hali moja isiyongoja hata kesho. Mtu akipoteza maneno ghafla, au maneno yakimtoka yakiwa yamevurugika, hasa mdomo ukiwa umepinda upande mmoja au mkono ukiwa umelegea, huenda huo ni ugonjwa wa kiharusi. Mkimbize hospitali kubwa mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hata hapo kila dakika inayopotea huliharibu eneo zaidi la ubongo.

Lililo baya zaidi ni kwamba kuna mahali katika nchi hii ambapo mzee anayepotea njia usiku au kusema maneno yasiyoeleweka huitwa mchawi. Katika sehemu za Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa shutuma hizo. Mnamo Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa moto huko Marani, Kisii. Siwezi kusema ni nini kilichokuwa kikiwasumbua wale waliouawa, au kama kulikuwa na lolote. Ninachojua ni kwamba jamii inayoujua ugonjwa wa kusahau kwa jina lake itauliza daktari kabla ya kuuliza mganga.

Namna ya kucheza kwa faida

Sasa, kama mchezo unaupenda, ucheze. Lakini ucheze ukitafuta mwenyewe. Nakupa mbinu chache ambazo wachezaji wa zamani huzitumia, na ambazo hazihitaji chaji.

Kwanza, badilisha mpangilio wa herufi zako. Macho huzoea upesi yale yanayoyaona. Ukiziweka herufi L, I, S, T, E na N katika mstari, utaona 'listen' na kukomea hapo. Zipange kwa duara, na baada ya muda 'silent' litajitokeza, kisha 'enlist' na 'tinsel'.

Pili, tenga vianzio na viishio. Kama una I, N na G, ziweke kando upande wa kulia, utafute neno katika herufi zilizobaki. Fanya hivyo pia kwa 'ed', 'er' na 'est', na mwanzoni 're' na 'un'. Hapo ubongo unashughulika na herufi nne badala ya saba.

Tatu, usiiogope herufi Q kwa kuwa huna U. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Maneno mengi ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U yametoka kwa Waarabu, na sisi tuna jamaa zake nyumbani. Kadhi yumo katika kamusi ya Scrabble kama 'qadi'. Talaka imo kama 'talaq', na fakiri kama 'faqir'. Hata miraa ya Meru imo, kwa jina lake la Kiarabu, 'qat', ikiwa na alama 12. Aidha, maneno ya Kiswahili yenyewe kama 'safari', 'askari', 'panga', 'uhuru' na 'mzee' yameingia katika kamusi ya kimataifa ya mchezo huo. Mzee peke yake ana alama 15. Mwambie hivyo babu yako, atafurahi.

Nne, ukikwama kabisa, ngoja. Jipe dakika tano kamili kwa saa. Ukishindwa, funua kamusi ya karatasi, kwa sababu hata huko utalazimika kutafuta, na njiani utakutana na maneno mengine. Simu na iwe ya mwisho, baada ya mchezo kwisha, kwa ajili ya kujua ulilokosa. Hapo inakuwa mwalimu.

Tano, cheza na mtu. Upweke umo katika orodha ile ya mambo 14, na programu haiwezi kukuuliza umelalaje. Isitoshe, mtu anayeketi mbele yako kila Jumapili ndiye atakayegundua siku ambayo hukunong'ona.

Lugha ya mzee

Neno moja la mwisho. Nimezungumza juu ya maneno ya Kiingereza kwa kuwa michezo hii ilitungwa kwa Kiingereza, na wengi wetu mjini tulisoma kwa lugha hiyo. Lakini usimpime mama yako wa kijijini kwa herufi F ya Kiingereza, kisha useme amerukwa na akili. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa Kikamba au Kiluo, au ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule, hawezi kuhukumiwa kwa herufi. Hata Kiswahili kina mambo yake. Maneno yanayoanza kwa M ni mengi mno kwa sababu ya ngeli zetu, mtu, mti, mlango, mkate, hata hesabu ya Kiingereza haiwezi kufaa. Ukimpeleka mzee hospitali, mwombe daktari amwulize kwa lugha anayoiotea ndoto. Mwache ataje wanyama, au vyakula vinavyouzwa sokoni kwao. Ni haki yake.

Baba yangu bado anacheza. Hatuhesabu alama siku hizi. Simu huwekwa kabatini, dawa za shinikizo humezwa asubuhi, na Jumapili ubao hutandazwa kama zamani. Juma lililopita alikaa na vigae vyake kwa muda wa robo saa. Mjukuu wake mdogo alitaka kumsaidia, nikamkonyeza anyamaze. Mzee alivisogeza kwa kidole, midomo yake ikaanza kucheza, akaweka mezani herufi tatu: T, E, A. Zilikuwa alama tatu tu, na nyumba nzima ilipiga makofi.

Nawe msomaji, unao mzee nyumbani, au wewe mwenyewe unakaribia kuwa mzee. Cheza naye juma hili. Usimharakishe, usimtajie jibu, wala usimpe simu. Na ukiona neno haliji kama lilivyokuwa likija, usingoje mpaka stima ipotee. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.